Dawa za Kuzuia Homoni na Ugonjwa wa Sonona: Mambo Ambayo Mgonjwa na Familia Wanapaswa Kuyafahamu

Dawa zinazozuia homoni ni miongoni mwa nguzo kuu za matibabu ya saratani ya tezi dume na saratani ya matiti, hapa nchini na duniani kote. Dawa hizo hupunguza kiwango cha homoni mwilini au huzuia homoni isifanye kazi, na hivyo kuzinyima seli za saratani kitu zinachokitegemea ili kukua. Hata hivyo, baadhi ya wagonjwa wanaotumia dawa hizo hupatwa na huzuni isiyoisha, hukosa usingizi na kupoteza hamu ya mambo waliyoyapenda. Ndipo mgonjwa na familia yake wanapojiuliza: je, hali hiyo inatokana na saratani yenyewe, umri, au dawa?

Jibu la kitaalamu linategemea ni dawa gani na ni homoni ipi inayozuiwa. Kwa dawa zinazoshusha homoni ya kiume kwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume, tafiti kubwa zimeonesha kuwa uwezekano wa kupata ugonjwa wa sonona huongezeka, ingawa ongezeko hilo si kubwa. Kwa tamoksifeni, inayotumiwa na wanawake wengi wenye saratani ya matiti, utafiti mkubwa uliofanywa kwa maelfu ya wanawake haukuonesha ongezeko hilo. Jambo la msingi kwa mwananchi ni kwamba sonona inatibika bila mgonjwa kulazimika kuacha dawa inayomkinga dhidi ya saratani, mradi tu dalili zisemwe mapema.

Sonona ni nini?

Sonona ni ugonjwa wa afya ya akili unaotofautiana na huzuni ya kawaida. Mtu aliyeambiwa kuwa ana saratani hupata mshtuko, hofu na majonzi, na hisia hizo ni za kawaida. Sonona hutambuliwa pale ambapo huzuni, au kupoteza hamu na furaha katika mambo ya kila siku, vinadumu kwa muda wa wiki 2 au zaidi, takribani kila siku, na kuathiri uwezo wa mtu wa kufanya kazi, kuhusiana na wenzake au kujitunza.

Dalili nyingine ni usingizi kupungua au kuzidi, hamu ya chakula kubadilika, uchovu, kushindwa kuzingatia jambo, kujiona hufai au ni mzigo kwa familia, na mawazo ya kutotaka kuishi. Kwa wanaume wengi, sonona haijitokezi kwa machozi. Huonekana katika hasira za mara kwa mara, ukimya, kujitenga na wenzake barazani au katika nyumba ya ibada, na unywaji wa pombe unaoongezeka.

Kwa mgonjwa wa saratani, utambuzi huwa mgumu zaidi kwa sababu uchovu, kukosa usingizi na kupungua kwa hamu ya chakula vinaweza kutokana na saratani yenyewe au matibabu yake. Kwa sababu hiyo wataalamu huzitazama kwa makini zaidi dalili za moyoni: kukata tamaa, kujilaumu, na kutofurahia hata mambo ambayo mwili bado unayaweza, kama vile kuzungumza na wajukuu au kusikiliza redio.

Jinsi dawa zinavyofanya kazi

Tezi dume ni tezi ndogo iliyo chini ya kibofu cha mkojo kwa wanaume, na kwa Tanzania saratani ya tezi hiyo ndiyo inayoongoza kwa upande wa wanaume. Ukuaji wa seli zake hutegemea homoni ya kiume iitwayo testosteroni, ambayo sehemu kubwa hutengenezwa katika korodani. Uhusiano huo ulithibitishwa mwaka 1941 na madaktari Charles Huggins na Clarence Hodges wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walioonesha kuwa kupunguza homoni hiyo hudhoofisha saratani ya tezi dume iliyosambaa. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966 kwa kazi hiyo.

Njia ya kwanza iliyotumika, na ambayo bado inatumika katika hospitali nyingi, ni upasuaji wa kuondoa korodani. Njia ya pili ni sindano zinazofanya kazi kupitia ubongo. Katika hali ya kawaida, sehemu ya ubongo hutoa homoni ndogo inayoiamuru tezi ya pituitari, nayo huziamuru korodani kutengeneza testosteroni. Sindano kama goserelini na leuprolidi huichochea tezi ya pituitari mfululizo bila kuipumzisha, hadi inaacha kuitikia, na korodani hupoteza amri ya kufanya kazi. Goserelini huchomwa chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya siku 28, au kwa kipimo kikubwa zaidi kila baada ya wiki 12.

Katika siku za kwanza baada ya sindano, testosteroni hupanda kwa muda mfupi kabla ya kushuka. Kwa sababu hiyo, madaktari huweza kumpa mgonjwa vidonge kama bikalutamidi, ambavyo huizuia homoni isizifikie seli za saratani katika kipindi hicho. Baada ya wiki 3 hadi 4, kiwango cha testosteroni hushuka na kufikia kile cha mtu aliyeondolewa korodani. Kwa maana hiyo, aliyefanyiwa upasuaji na anayechomwa sindano wote wawili wanaishi na upungufu uleule wa homoni, na wote wanahitaji kufuatiliwa afya ya akili. Tofauti ni kwamba athari za sindano zinaweza kupungua miezi kadhaa baada ya matibabu kukoma, ilhali upasuaji hauwezi kurudishwa nyuma.

Utafiti unaonesha nini?

Mojawapo ya tafiti kubwa kuhusu jambo hili ilichapishwa mwaka 2016 nchini Marekani. Watafiti walichambua kumbukumbu za matibabu za wanaume 78,552 wenye umri wa zaidi ya miaka 65 waliogundulika kuwa na saratani ya tezi dume ambayo haikuwa imesambaa mbali. Kati yao, asilimia 43 walipewa matibabu ya kushusha homoni. Katika kipindi cha miaka 3, asilimia 7.1 ya waliopata matibabu hayo waligundulika kuwa na sonona, ikilinganishwa na asilimia 5.2 ya ambao hawakuyapata.

Wanaume wanaopewa dawa za homoni mara nyingi huwa na umri mkubwa zaidi au saratani iliyo kali zaidi, mambo ambayo yenyewe yanaweza kuleta sonona. Watafiti walizingatia tofauti hizo katika hesabu zao, na bado uwezekano wa sonona kwa waliotumia dawa ulikuwa juu kwa asilimia 23.

Utafiti huo ulibaini pia kuwa muda wa matibabu una nafasi yake. Kwa waliotibiwa kwa miezi 6 au pungufu, uwezekano uliongezeka kwa asilimia 12. Kwa waliotibiwa kwa miezi 7 hadi 11, kwa asilimia 26. Na kwa waliotibiwa kwa miezi 12 au zaidi, kwa asilimia 37. Mpangilio huo, ambao athari inakua kadiri matumizi yanavyorefuka, ni moja ya sababu zinazowafanya wataalamu waamini kuwa dawa zina mchango wa kweli.

Mwaka 2017 uchambuzi mwingine ulijumuisha matokeo ya tafiti 18 zenye washiriki 168,756, na kuonesha kuwa wanaotibiwa kwa kushusha homoni ya kiume wana uwezekano wa kupata sonona uliozidi kwa asilimia 41. Namba hiyo inatofautiana na ile ya awali kwa kuwa tafiti hizo zilifanyika kwa wagonjwa na kwa njia tofauti, lakini mwelekeo wake ni uleule.

Kutokana na ushahidi wa aina hiyo, maelezo rasmi ya matumizi ya goserelini yanayotolewa kwa watoa huduma barani Ulaya yanataja kuwa kuna ongezeko la uwezekano wa kupata sonona, ambayo inaweza kuwa kali, na yanaelekeza mgonjwa ajulishwe na atibiwe ipasavyo dalili zikijitokeza.

Namna ya kuzisoma takwimu hizo

Asilimia zinaweza kutisha zisipofafanuliwa. Mtu anayesikia kuwa hatari imeongezeka kwa asilimia 23 anaweza kudhani kuwa watu 23 kati ya kila 100 wanaotumia dawa watapata sonona. Sivyo ilivyo.

Kwa takwimu za utafiti wa mwaka 2016, kati ya wanaume 1,000 wenye saratani ambao hawakupewa dawa za homoni, 52 waligundulika kuwa na sonona ndani ya miaka 3. Kati ya 1,000 waliopewa dawa hizo, waliogundulika ni 71. Tofauti ni watu 19, na sehemu ya tofauti hiyo inatokana na umri na hali ya ugonjwa. Wengine 929 hawakugundulika kuwa na sonona. Kwa hiyo mgonjwa anayeanza sindano hapaswi kuamini kuwa sonona inamsubiri. Anapaswa kujua tu kwamba inaweza kutokea, na kwamba ikitokea si udhaifu wake wala ukosefu wa imani.

Ni vyema pia kufahamu kuwa tafiti hizo zilitegemea kumbukumbu za waliogunduliwa na daktari. Wanaoumia kimya bila kuhudhuria kliniki hawamo katika hesabu, iwe katika kundi la kwanza au la pili.

Kwa nini homoni ikishuka, hisia huguswa?

Testosteroni haifanyi kazi katika via vya uzazi pekee. Ubongo una vipokezi vya homoni hiyo, zikiwemo sehemu zinazohusika na hisia na kumbukumbu, na kiasi chake hugeuzwa kuwa estrojeni ambayo nayo huhitajika kwa wanaume. Homoni hizo huchangia utendaji wa kemikali za ubongo, kama serotonini, zinazoratibu hisia na usingizi. Kiwango kinaposhuka ndani ya wiki chache, ubongo hulazimika kuzoea mazingira mapya.

Pamoja na njia hiyo ya moja kwa moja, ipo njia ya kupitia mwili. Mgonjwa aliyeshushwa homoni anaweza kupata joto la ghafla na jasho jingi, hasa usiku, hali inayomkatiza usingizi. Misuli hupungua na mafuta huongezeka tumboni, damu inaweza kupungua, na mifupa hudhoofika. Matiti yanaweza kuvimba. Hamu ya tendo la ndoa na nguvu za kiume hupungua au hupotea. Mtu aliyekuwa akilima, akivua au akibeba mizigo hujikuta akichoka kabla ya saa nne asubuhi. Mabadiliko haya yakimkuta mtu ambaye hakuandaliwa, ni rahisi kuhisi kuwa amepoteza nafasi yake ndani ya nyumba.

Utambuzi wa njia hizi mbili una faida katika tiba. Baadhi ya vyanzo vya huzuni hiyo vinaweza kushughulikiwa kimoja kimoja: usingizi unaweza kutibiwa, upungufu wa damu unaweza kupimwa, na mke na mume wanaweza kupewa ushauri nasaha wa pamoja kuhusu ndoa yao.

Hali ilivyo kwa wanawake

Saratani ya matiti ni ya pili kwa wingi miongoni mwa wanawake nchini baada ya saratani ya mlango wa kizazi. Pale ambapo vipimo vinaonesha kuwa seli za saratani hiyo zina vipokezi vya homoni, mgonjwa huweza kuandikiwa tamoksifeni, kidonge kinachoziba vipokezi vya estrojeni katika titi. Kwa kawaida hutumika kwa miaka 5, na kwa baadhi ya wagonjwa hadi miaka 10. Wanawake waliokoma hedhi huweza pia kupewa anastrozoli au letrozoli, ambazo hupunguza utengenezwaji wa estrojeni.

Kuhusu tamoksifeni, ushahidi uliopo ni wa kiwango cha juu. Katika utafiti mkubwa wa kinga uliofanyika Amerika Kaskazini, wanawake wenye uwezekano mkubwa wa kupata saratani ya matiti waligawanywa kwa bahati nasibu; baadhi walipewa tamoksifeni na wengine kidonge kisicho na dawa, bila wao kujua wamepata kipi. Mwaka 2001 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa sonona kwa wanawake 11,064 kati yao. Hapakuwa na ongezeko la sonona kwa waliotumia tamoksifeni ikilinganishwa na wenzao. Mgawanyo wa bahati nasibu una uzito kuliko uchambuzi wa kumbukumbu, kwa sababu makundi yanayolinganishwa yanafanana tangu mwanzo.

Hata hivyo, matokeo ya jumla hayaondoi haki ya mwanamke mmoja mmoja kusikilizwa. Joto la ghafla na kukosa usingizi ni athari zinazojulikana za tamoksifeni, na zinaweza kumchosha mgonjwa kwa muda mrefu. Aidha, sindano kama goserelini na leuprolidi hutolewa pia kwa wanawake, kwa ajili ya saratani ya matiti kabla ya kukoma hedhi au kwa maradhi ya mji wa mimba, na kwao pia mabadiliko ya hisia na sonona vimeorodheshwa miongoni mwa athari zinazopaswa kufuatiliwa.

Finasteridi na tahadhari mpya

Dawa nyingine inayowahusu wanaume wengi ni finasteridi. Dawa hii haishushi testosteroni. Huzuia testosteroni isigeuzwe kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi. Kidonge cha miligramu 5 hutumika kutibu uvimbe wa tezi dume usio saratani, unaowasumbua wanaume wengi wenye umri mkubwa kwa kukojoa mara kwa mara au kwa shida. Kidonge cha miligramu 1 hutumika kuzuia upotevu wa nywele.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu wanaume 93,197 wenye umri wa miaka 66 au zaidi katika jimbo la Ontario, Kanada, ulionesha kuwa walioanza kutumia dawa za kundi hili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kugundulika na sonona, hasa katika miezi 18 ya mwanzo. Utafiti huo haukuonesha ongezeko la vifo vya kujiua.

Mwezi Mei 2025, Wakala wa Dawa wa Ulaya ulithibitisha kuwa mawazo ya kutaka kujiua ni athari inayoweza kuambatana na vidonge vya finasteridi, huku taarifa nyingi zikitoka kwa waliotumia kidonge cha miligramu 1 kwa ajili ya nywele. Wakala huo pia ulieleza kuwa manufaa ya dawa bado yanazidi madhara kwa matumizi yote yaliyoidhinishwa. Anayetumia dawa hiyo kwa ajili ya nywele na akaona hisia zake zimebadilika anashauriwa kuiacha na kumwona daktari. Anayeitumia kwa ajili ya tezi dume anashauriwa kumwona daktari haraka kwa ushauri zaidi.

Kuacha dawa ya saratani si suluhisho

Hofu ya sonona inaweza kumfanya mgonjwa wa saratani aache sindano kimyakimya. Uamuzi huo una gharama. Katika utafiti uliofanyika Ulaya kwa wanaume 415 wenye saratani ya tezi dume iliyokuwa imeenea kuzunguka tezi, wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilipata tiba ya mionzi pekee, na jingine mionzi pamoja na goserelini kwa miaka 3. Baada ya miaka 10, waliokuwa hai katika kundi la mionzi pekee walikuwa asilimia 39.8, na katika kundi lililopata goserelini asilimia 58.1.

Hiyo ni tofauti ya takribani wagonjwa 18 kati ya kila 100. Ingawa tafiti hizi mbili zilihusu wagonjwa wa aina tofauti, mizani inaonekana: kwa mwenye ugonjwa wa hatua hiyo, dawa inaokoa maisha ya wengi zaidi kuliko wale inaowaongezea sonona, na sonona ina tiba.

Hata hivyo, si kila mwenye saratani ya tezi dume anahitaji dawa za homoni, na si kila anayezihitaji anapaswa kuzitumia kwa muda uleule. Baadhi ya wagonjwa hutibiwa kwa miezi 6, wengine kwa miaka 2 au 3, na wenye saratani iliyosambaa huweza kuendelea maisha yao yote. Wapo ambao daktari huweza kuwapangia vipindi vya mapumziko huku akifuatilia kipimo cha PSA. Kwa kuwa muda wa matibabu una uhusiano na sonona, ni haki ya mgonjwa kuuliza: dawa hii nitaitumia kwa muda gani, na kwa nini muda huo? Jibu la swali hilo litoke kwa daktari wake, si kwa jirani wala mitandao ya kijamii.

Tiba ya sonona na tahadhari zake

Sonona kwa mgonjwa wa saratani hutibiwa kwa ushauri wa kisaikolojia, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Mazoezi ya mwili yanayolingana na uwezo wa mgonjwa, kama kutembea kila siku, yamethibitika kupunguza uchovu kwa wanaotibiwa kwa kushusha homoni, na husaidia pia misuli na usingizi.

Upande wa dawa unahitaji uangalifu, na hapa ndipo kujinunulia vidonge dukani kunapoweza kuleta madhara. Amitriptilini, dawa ya sonona inayopatikana kwa urahisi, inaweza kuzuia mkojo kutoka, hasa kwa mwanamume ambaye tezi dume yake tayari imebana njia ya mkojo. Kwa mwanamke anayetumia tamoksifeni, dawa za fluoksetini na paroksetini zinaweza kuzuia ini lisiigeuze tamoksifeni kuwa katika umbo linalopambana na saratani. Zipo dawa mbadala, kama venlafaksini, ambayo haina mwingiliano mkubwa wa namna hiyo na hupunguza pia joto la ghafla. Aidha, kushuka kwa testosteroni kunaweza kubadili mwenendo wa umeme wa moyo, na baadhi ya dawa za sonona hufanya vivyo hivyo; daktari anaweza kuagiza kipimo cha moyo kabla ya kuchagua dawa.

Kutokana na sababu hizo, mgonjwa anapokwenda kutibiwa sonona anapaswa kumweleza mtoa huduma dawa zote anazotumia, zikiwemo sindano za kila mwezi na dawa za asili. Vilevile, daktari wa saratani ajulishwe kuhusu dawa za sonona zilizoandikwa kwingine.

Wajibu wa mgonjwa, familia na mtoa huduma

Kabla ya kuanza matibabu, mgonjwa amweleze daktari iwapo aliwahi kuugua sonona au ugonjwa mwingine wa akili, au iwapo kuna historia hiyo katika familia. Taarifa hiyo haimnyimi dawa. Inasaidia kupanga ufuatiliaji wa karibu.

Siku ya kuchomwa sindano ni fursa nzuri ya kuuliza kuhusu hali ya moyo. Maswali mawili yanatosha kuanzia: katika wiki 2 zilizopita, je, umesumbuliwa na huzuni au kukata tamaa? Je, umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyafurahia? Jibu la ndiyo kwa swali lolote kati ya hayo linahitaji tathmini zaidi.

Familia ndiyo inayoyaona mabadiliko mapema zaidi. Mke, watoto na ndugu wanaogundua kuwa mzee amebadilika, halali, hali au hataki kuonana na watu, wasimwambie ajikaze kiume. Wamsikilize, wamsindikize kliniki na, kwa ridhaa yake, waeleze walichokiona. Wahenga walisema mficha uchi hazai; mambo ya ndoa na ya moyo yakifichwa kwa daktari, tiba hukosa njia ya kuingilia.

Mgonjwa anayetamka kuwa hataki kuishi au kwamba familia itapumua asipokuwepo anahitaji msaada siku hiyohiyo. Asiachwe peke yake, dawa na vitu vya hatari viondolewe karibu naye, na afikishwe katika kituo cha huduma kilicho karibu. Huduma huanzia zahanati na kituo cha afya, na mgonjwa huweza kupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, au hospitali zenye madaktari bingwa wa magonjwa ya akili kama Muhimbili jijini Dar es Salaam na Mirembe jijini Dodoma. Kwa wanaotibiwa saratani katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Bugando au KCMC, hatua ya kwanza ni kumweleza daktari au muuguzi wa kliniki wanayohudhuria, badala ya kusubiri tarehe ijayo.

Mabadiliko ya hisia yanayodhaniwa kusababishwa na dawa yanapaswa pia kutolewa taarifa kama madhara mengine yoyote. Mgonjwa anaweza kumweleza mtoa huduma wake, naye akawasilisha taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Taarifa za namna hiyo, zikikusanywa kutoka kwa wagonjwa wengi, ndizo huziwezesha mamlaka za dawa duniani kutoa tahadhari kama ile iliyotolewa kuhusu finasteridi.

Wananchi wanaotumia dawa za kuzuia homoni wanakumbushwa kuhudhuria kliniki kwa tarehe zilizopangwa, kutositisha wala kubadili dozi bila ushauri wa daktari, na kueleza hali ya moyo kwa uwazi uleule wanaoutumia kueleza maumivu ya mwili. Kipimo cha PSA kinaonesha mwenendo wa saratani, lakini hakuna kipimo cha damu kinachoonesha kuwa mgonjwa amekata tamaa. Hilo hujulikana kwa kuulizwa na kwa kusema.